Spika ya Inchi 10 na ya Inchi 12 Ndani ya Boksi Moja: Inawezekana?

Tangu spika moja ya boksi la gitaa la bendi yetu iungue, kila mtu hapa chuoni kawa fundi. Mmoja anasema tufunge spika ya gari, ipo tu hosteli inakula vumbi. Mwingine anasema tununue ya inchi 10 kwa sababu ni nafuu. Wa tatu anataka inchi 15 ili mziki uwe mnene. Hela yenyewe ni michango yetu sote, na amplifaya tunayo moja tu. Ikiungua na hiyo, wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza tutaimba kwa makofi. Mimi nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati, hivyo naomba tupige hesabu kabla ya kupiga kura.

Maswali yapo mawili na watu wanayachanganya. La kwanza: amplifaya itakuwa salama? La pili: sauti itakuwa nzuri? Ukubwa wa spika unahusika zaidi na swali la pili. La kwanza linajibiwa na namba nyingine kabisa, ile iliyoandikwa nyuma ya sumaku: omu.

Omu kwanza, inchi baadaye

Boksi letu lina spika mbili za inchi 12, kila moja omu 8, zimeungwa sambamba. Mnakumbuka ile fomula ya ukinzani sambamba ya sekondari, ambayo wengi tuliikariri tukauliza itatusaidia nini maishani? Leo imefika kazini. Omu 8 na omu 8 sambamba zinatoa omu 4. Zikiungwa mfululizo zinatoa 16. Nyuma ya amplifaya yetu, ambayo ni ya transista, pameandikwa isishuke chini ya omu 4. Maana yake tupo mpakani.

Sasa chukua ile spika ya gari. Spika nyingi za gari ni za omu 4. Iunge sambamba na ya omu 8: 8 mara 4, gawanya kwa 12, unapata kama omu 2.7. Amplifaya ya transista inayolazimishwa kusukuma omu chache kuliko uwezo wake inatoa mkondo mkubwa kupita kiasi, inachemka, na mwisho transista zake zinakufa. Tena kwenye muungano wa sambamba ile ya omu 4 inakula nguvu mara mbili ya mwenzake. Kwa hiyo hoja ya kwanza imeanguka, hata kama spika ni ya bure.

Tahadhari moja kwa watakaoshika mita. Ukipima spika ya omu 8 utasoma kama 6 au 7. Usiseme kiwanda kimedanganya. Mita inapima ukinzani wa waya kwa umeme wa betri, wakati namba ya kwenye sumaku ni impedansi, yaani upinzani wa spika kwa umeme wa mkondo geu wa muziki, ambao hubadilika kadiri noti inavyopanda na kushuka.

Wenye amplifaya za valvu wana sheria zao: linganisha omu za boksi na tundu unalochomeka, na usiiwashe kamwe bila spika, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kufa. Na usiifungue kama si fundi. Ndani mna volti mamia, na zinaweza kubaki humo hata ukishachomoa waya ukutani.

Wati na desibeli

Tuseme tumepata ya inchi 10, omu 8. Kwa umeme haina neno, jumla inabaki omu 4. Lakini spika mbili zenye omu sawa zinagawana nguvu nusu kwa nusu. Kama moja inabeba wati 60 na nyingine 30, boksi zima si la wati 90. Ni la wati 60, kwa sababu ile dhaifu ikifika 30 ndiyo mwisho wake. Amplifaya yetu ni ya wati 50, kila spika itapata 25, kwa hiyo hapo tunapona.

Kuna namba nyingine ambayo muuzaji haitaji usipomuuliza: desibeli ngapi kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 100 ikikaa na ya 97, ile ya 97 inahitaji nguvu mara mbili ili zilingane. Na kwa kuwa zinapewa sawasawa, moja itafunika nyingine. Utadhani umechanganya sauti mbili, kumbe unasikia moja zaidi na nyingine iko nyuma yake.

Inchi zenyewe zinafanya nini?

Koni ndogo kwa kawaida ni nyepesi, inawahi kuitika, na noti zinatoka kavu na wazi. Koni ya inchi 12 inajaza zaidi sauti za kati na za chini. Hiyo ndiyo raha ya kuzichanganya: moja inatoa ncha ya noti, nyingine inatoa mwili wake. Lakini usiishike kama amri ya Musa. Sumaku, karatasi ya koni na boksi lenyewe vina usemi mkubwa. Hata idadi ina usemi: nne za inchi 10 zina eneo kubwa la koni kuliko mbili za inchi 12. Zidisha kipenyo kwa chenyewe: 400 dhidi ya 288.

Historia inatuonyesha. Fender Bassman ilitoka Marekani mwaka 1952 kwa ajili ya gitaa la besi, ikiwa na spika moja ya inchi 15. Kufikia 1959 ilikuwa na nne za inchi 10, na wapiga gitaa la kawaida waliipenda kuliko waliokusudiwa. Miaka ya mwanzo ya 1960, duka la Jim Marshall kule London likatengeneza amplifaya kwa kufuata sakiti hiyo hiyo karibu yote, ila likaifungia boksi lililozibwa nyuma lenye spika nne za inchi 12. Ikasikika tofauti, na spika zilichangia sana tofauti hiyo.

Ile hoja ya inchi 15 je? Tundu letu ni la inchi 12. Kulipanua ni kukata ubao wa mbele, na boksi likishakatwa halirudi. Ya inchi 10 inafungwa kwa pete ya plaiwudi, na siku tukipata hela tunaitoa.

Vyovyote itakavyokuwa, angalieni chanya na hasi. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye kila spika kwa mpangilio uleule: koni zote ziruke upande mmoja. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, besi inapotea na gitaa linasikika kama redio ya mkulima.

Pendekezo langu kwa kamati: tununue inchi 12, omu 8, wati 30 au zaidi, desibeli zinazokaribia za ile iliyobaki. Hela ikipungua, inchi 10 yenye namba hizo hizo inatosha kabisa. Atakayetumwa dukani aende na namba hizo tatu kwenye karatasi, na muuzaji akimwambia "zote ni sawa tu," aigeuze spika asome mwenyewe.