Je, Kondoo Tisini na Tisa Wako Kwenye Nyota?

Usiku mmoja umeme ulikatika mtaani kwetu, na kama ilivyo desturi ya mitaa yetu, watu wakatoa mikeka na viti nje kutafuta upepo. Giza lilitufunulia kile ambacho taa za mji hutuficha: anga lote lilikuwa limejaa nyota. Binti mdogo wa jirani yangu, aliyekuwa amelala chali juu ya mkeka, akamwuliza baba yake, "Baba, kule kwenye nyota kuna watu?" Baba huyo, fundi wa mitambo kiwandani na mzee wa kanisa, akajibu kwamba Mungu peke yake ndiye ajuaye. Mtoto hakuridhika. "Kama wapo, Yesu aliwafia na wao?" Baba akanyamaza. Kesho yake aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyeudhika kidogo, kwamba swali lile lilimnyima usingizi kuliko lilivyomnyima joto.

Swali hilo si la kitoto hata kidogo. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, walitangaza kwamba wameigundua sayari inayozunguka nyota moja iliyo mfano wa jua letu. Tangu hapo sayari zaidi ya 5,000 za nyota nyingine zimethibitishwa. Katika hizo zote hakuna hata moja iliyothibitishwa kuwa na uhai, si wa watu wala wa ukungu wa mkate. Basi ieleweke kwamba tunazungumza juu ya jambo linalowezekana, wala si jambo lililokwisha kupatikana.

Lugha yetu yenyewe inatutia katika fumbo hili. Mkristo asemaye Kiswahili husali kwa Baba aliye mbinguni, na neno hilo hilo mbingu hulitumia kwa lile paa la buluu lililo juu ya vichwa vyetu. Ndiyo maana mtoto akisikia habari za watu wa kwenye nyota hudhani ni majirani wa malaika. Lakini kuna neno jingine lenye uzito zaidi. Sisi hujiita wanadamu, yaani wana wa Adamu. Kiumbe mwenye akili aliyezaliwa katika sayari nyingine, hata kama ana huruma kuliko sisi, si mwanadamu kwa maana ya neno hilo. Hakula tunda la Edeni, wala babu yake hakulila. Je, anayo dhambi ya kukombolewa?

Wapo wanaodhani kwamba Kanisa limeshtushwa na maswali haya juzi tu, vyombo vya anga vilipoanza kuruka. Sivyo. Mwaka 1277 Askofu wa Paris, Étienne Tempier, alilaani fundisho la baadhi ya walimu, wafuasi wa Aristotle, kwamba hata Mungu hawezi kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja. Askofu hakusema kwamba ulimwengu mwingine upo. Alikataa tu Mungu asifungwe mikono na mwanafalsafa. Mwaka 1440 Nikolao wa Cusa aliandika waziwazi kwamba huenda nyota nyingine nazo zina wakazi. Hakuadhibiwa, miaka minane baadaye alifanywa kadinali. Najua msomaji mmoja atanikumbusha habari za Giordano Bruno, aliyechomwa moto mjini Roma mwaka 1600 na ambaye alifundisha kuwa kuna dunia zisizo na idadi. Ni kweli, ingawa alishtakiwa pia kwa kupinga mafundisho mengine makuu ya Kanisa, na moto ule hauna udhuru kwa kosa lo lote.

Kwa hiyo suala la uumbaji halijawa tatizo kubwa. Muumba aliyeumba sisimizi na tembo hashindwi kuumba na wengine. Tatizo liko pale pale alipoligusa binti wa jirani yangu, yaani msalabani. Padri Mfransisko wa karne ya 15, Guillaume de Vaurouillon, alijiuliza kama Kristo kwa kufa katika dunia hii aliweza kuwakomboa wakazi wa dunia nyingine. Akajibu kwamba aliweza, hata kama dunia hizo hazina idadi, wala haikufaa aende huko kufa tena. Baadaye mwanamageuzi wa Kijerumani, Philip Melanchthon, aliutumia ukweli huo huo kinyume: kwa kuwa Mwana wa Mungu ni mmoja na alikufa mara moja tu, tusidhani kwamba ziko dunia nyingi zenye watu. Na mwaka 1794 Thomas Paine, aliyeupinga Ukristo, akaudhihaki: mtu hawezi kuamini dunia nyingi na Ukristo kwa pamoja akawa amefikiri sawasawa juu ya yote mawili.

Hoja ya Paine ilijibiwa na Thomas Chalmers, mchungaji wa Glasgow, katika mahubiri aliyoyatoa siku za kazi na kuyachapisha mwaka 1817. Darubini, alisema, imetuonyesha jinsi ulimwengu ulivyo mkubwa. Lakini hadubini nayo imetuonyesha jinsi Mungu anavyojishughulisha na vitu vidogo mno. Ukubwa wa nyumba haumfanyi baba amsahau mtoto mchanga.

Mimi naona jibu la Vaurouillon lina nguvu, na sisi tulio mbali na Yerusalemu tunalifahamu kuliko wengi. Hakuna Mkristo wa Mwanza aliyedai kwamba Kristo asulubiwe tena kando ya Ziwa Viktoria ndipo wokovu umfikie. Lakini kati ya Yerusalemu na Mwanza mjumbe hupita. Nyota ile ya mwaka 1995 iko mbali kiasi kwamba nuru yake huchukua miaka 50 hivi kutufikia. Anayehubiri huko kwa redio leo, jibu lake litapokelewa na wajukuu. Habari njema itawafikiaje? Hapo ndipo wengine humrudia Thomas wa Akwino, ambaye, ingawa aliamini ulimwengu ni mmoja, alifundisha kwamba uwezo wa Mungu Mwana haumaliziki kwa kuutwaa mwili mmoja.

Mwaka 2008 Padri José Gabriel Funes wa Argentina, wakati huo mkurugenzi wa kituo cha Vatikano cha kuchunguza nyota, aliliambia gazeti la L'Osservatore Romano kwamba imani haizuii kuwapo kwa viumbe hao, nasi tungeweza kuwaita ndugu. Akakumbusha ule mfano wa kondoo mia. Huenda, alisema, kondoo aliyepotea ni sisi, na wale tisini na tisa hawakuuacha kamwe urafiki wa Mungu.

Fikiri, ndugu msomaji, jinsi mawazo hayo yanavyotushusha. Maana desturi ya wenye nguvu ni kudhani kwamba mgeni ndiye aliyepotea. Augustino, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini, alikataa kwamba kuna watu upande wa pili wa dunia, kwa kuwa wazao wa Adamu wasingeweza kuivuka bahari kuu. Bahari ilipovukwa na watu wakakutwa huko, ilimlazimu Papa Paulo wa Tatu, mwaka 1537, kutangaza kwamba wenyeji wa Amerika ni watu kweli na wasinyang'anywe uhuru wala mali yao. Walinyang'anywa vyote viwili. Sisi wa pwani hii, ambao babu zetu waliuzwa sokoni kama pembe, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo maana C. S. Lewis, Mkristo mzaliwa wa Ireland, alipoandika juu ya jambo hili mwaka 1958 hakuihofia imani yake. Aliwahofia wale viumbe, siku watakapotembelewa na sisi.

Utauliza, mambo haya yamfae nini mtu anayewaza nauli na unga? Guy Consolmagno wa Marekani, mtaalamu wa nyota aliyekuja kuwa bruda Mjesuiti na kukiongoza kituo kile cha Vatikano tangu 2015 hadi 2025, aliwahi kujiuliza vivyo hivyo: kwa nini achunguze nyota wakati watu wana njaa? Akaacha kazi, akaja Kenya mwaka 1983 kujitolea kufundisha. Alisimulia kwamba Wakenya ndio waliotaka awafundishe nyota, na kwamba vijijini watu walipanga kutazama kwenye darubini yake. Miaka mingi baadaye aliulizwa kama angembatiza kiumbe wa sayari nyingine. Alijibu kwamba angembatiza, iwapo mwenyewe ataomba.

Nilimpelekea jirani yangu habari hizi zote. Ya kondoo ilimpendeza sana, akairudia mara mbili. Ila alisema bado hajajua amwambieje binti yake kuhusu msalaba, kama ni mmoja au ni mingi, na kwamba atamwuliza mchungaji Alhamisi, baada ya mazoezi ya kwaya.