Saa ya thamani na umbali wa fundi

Barabara inayopanda kutoka Lushoto kwenda Mtae hupita Lukozi, na anayefika hapo hupokewa na mazao: kabichi zilizorundikwa, karoti zilizooshwa, viazi kwenye magunia, pilipili hoho kwenye matenga, na malori yanayosubiri kujaa ili yateremke Mombo na kushika njia ya Dar es Salaam. Mboga mbichi hazina subira. Lori likichelewa kuondoka, bei huweza kuanguka kabla mzigo haujafika sokoni, kwa hiyo watu wa hapa huijua saa kwa faida na hasara yake, na wengi huitazama kwenye simu. Mahali kama hapa, habari ya kuvaa saa ghali isiyotumia betri, ya dola elfu kadhaa, tena kuivaa kila siku shambani na sokoni, huweza kuonekana kuwa habari ya watu wa mbali. Mimi naona Lukozi ndiko inakostahili kujadiliwa, kwa kuwa saa ya namna hiyo hupimwa vizuri zaidi na kazi kuliko na kabati la kioo. Hoja ninayoitetea ni kwamba saa ya kamani inafaa kuvaliwa kila siku, hata na mtu anayeshika jembe, na kwamba thamani yake hutegemea sana fundi anayeweza kuifungua, kuisafisha na kuifunga tena, akiwa mahali ambapo mvaaji anaweza kumfikia.

Tuanze na mashine yenyewe. Ndani ya saa hiyo mna utepe wa chuma uliokunjwa, yaani kamani, ambao ukishajazwa hutaka kujikunjua. Nguvu ya kujikunjua hupita kwenye msururu wa magurudumu yenye meno hadi kwenye gurudumu la mizani, ambalo hucheza huku na huku likiruhusu meno yapite moja baada ya jingine. Katika saa nyingi za kisasa gurudumu hilo hupiga mara 8 kwa sekunde, sawa na mapigo 28,800 kwa saa moja na 691,200 kwa siku. Zile zinazojijaza zenyewe zina kipande kizito kinachozunguka kila mkono unapotikisika, na kila mzunguko huongeza nguvu kwenye kamani. Vile vito vinavyotajwa usoni, 17, 21 au 25, huwadanganya wanunuzi wengi wakadhani wamenunua madini: ni rubi za kiwandani, za bei ndogo, zilizowekwa pale ekseli zinapozunguka ili chuma kisilane na chuma. Kazi yake ni kubwa, bei yake si chochote.

Mashine hiyo nzuri ilishindwa zamani katika mbio za usahihi. Mwezi Desemba 1969 Seiko ya Japani ilitoa Astron, saa ya mkononi ya kwanza ya kwatzi kuuzwa madukani. Katika saa nyingi za kwatzi za leo, kipande cha kwatzi kikipewa umeme kidogo wa betri hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na saa ya kawaida ya aina hiyo hupotea sekunde 15 hivi kwa mwezi. Saa ya Uswisi iliyopimwa na kupewa cheti cha kronometa inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku moja, na hiyo ni kati ya zilizo bora. Uswisi ililipia tofauti hiyo kwa ajira: sekta yake ya saa ilikuwa na wafanyakazi takriban 90,000 mwaka 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama theluthi moja tu. Waliosalimika waliigeuza saa ya kamani, iliyokuwa chombo cha kila mtu, kuwa kitu cha anasa. Bei tunazoziona leo zilizaliwa hapo.

Basi anayesema kwamba simu inatosha amesema kweli, na hakuna haja ya kumzungushia maneno. Simu huchukua saa kutoka kwenye mtandao na kuishinda kronometa yoyote. Hata kabla ya simu, mkulima wa Usambara alikuwa na kipimo kizuri juu ya kichwa chake. Huku, nyuzi nne na nusu hivi kusini mwa ikweta, tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi za mwaka ni karibu nusu saa tu, na jua likichomoza kila mtu anajua saa imefika ngapi. Dakika zilianza kuwabana watu zaidi baada ya reli kutoka Tanga kufika Mombo mwaka 1905, kwa kuwa garimoshi halimsubiri mtu. Anayenunua saa ya kamani leo kwa ajili ya usahihi, basi, amekosea duka. Kinachobaki upande wake ni uhai wa chombo. Simu huzeeka kwa miaka michache, programu zake zikaikataa kabla ya kioo chake kuvunjika. Mashine ya saa ya kwatzi ya bei nafuu ikiharibika hutupwa. Ya kamani iliyotengenezwa vizuri inaweza kufunguliwa, sehemu iliyolika ikabadilishwa, mafuta yakatiwa upya, na ikaendelea kizazi baada ya kizazi. Uwezo huo wa kurudishwa kazini ndio mvaaji anaoulipia, na ndiyo maana naona saa ya kufungiwa kabatini imenunuliwa bure. Mafuta yake huzeeka ikivaliwa au isipovaliwa, na mipira ya kuzuia maji hukauka vilevile. Kuificha hakuiongezei umri.

Je, itaistahimili Lukozi? Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na kuna mambo yatakayowashangaza wengi. Kwanza, mkono wa mtu anayepalilia, anayebeba matenga na kupanga gunia juu ya gunia hutikisika zaidi kuliko wa karani mezani, kwa hiyo kamani yake haikosi kujaa. Pili, baridi. Mwezi Julai Lukozi hukaa ndani ya ukungu, na mfanyabiashara anayeteremka na mzigo huingia kwenye joto la Mombo baada ya mwendo wa saa chache. Zamani mabadiliko hayo yangeiyumbisha saa vibaya, kwa kuwa utepe mwembamba unaoongoza gurudumu la mizani hulegea kwa joto na kukaza kwa baridi. Charles Édouard Guillaume, mwanasayansi wa Uswisi, alivumbua aloi za nikeli na chuma zisizojali sana joto wala baridi, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920. Aloi za ukoo huo zimo ndani ya saa za leo. Mtikisiko wa pikipiki kwenye barabara ya mawe nao ulishafikiriwa: tangu miaka ya 1930 ekseli ya mizani hukalia vito vilivyowekewa springi ndogo ya kumeza kishindo. Adui wa kuogopwa zaidi ni maji. Maandishi ya mita 30 kwenye mfuniko yana maana ya mvua na kunawa mikono, si kuzamisha mkono kwenye beseni la karoti kutwa nzima. Anayeosha mboga atafute iliyoandikwa mita 100 yenye kishikio cha kujazia kinachokazwa kama skrubu, na mipira yake ikaguliwe. Adui mwingine ni sumaku, ile ya spika au ya kifuniko cha simu, inayofanya utepe wa mizani ugandamane na saa ikimbie dakika nyingi kwa siku. Wengi hudhani imekufa, kumbe huponywa kwa kifaa kidogo ndani ya sekunde chache, mradi yupo anayejua.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Rolex hupendekeza saa zake zifanyiwe huduma kamili karibu kila miaka 10, Omega hutaja kati ya miaka 5 na 8. Huduma kamili ni kufungua kila kipande, kuosha, kutia mafuta ya aina mbalimbali mahali pake, kubadilisha kilicholika, kisha kupima. Kwa saa ya Uswisi ya daraja hilo, gharama yake ni mamia ya dola. Tena makampuni makubwa, yakiwemo Rolex na yale ya kundi la Swatch, hayauzi vipuri vyake kwa fundi yeyote tu; huwauzia walioidhinishwa. Maana yake, mtu wa Lukozi aliyenunua saa kama hiyo amejifunga kwenye karakana iliyo mbali sana na kilima chake. Inaweza kulazimu saa isafirishwe nje ya nchi, na fundi hodari wa Tanga, hata akiwa na mkono uliotulia kuliko wa Geneva, akakosa kipande kidogo kuliko punje ya ulezi. Matangazo husema saa ya thamani ni ya kumrithisha mtoto. Mtoto aliyerithi chombo kisichoweza kutengenezwa anakoishi amerithi pambo, na hili muuzaji halisemi.

Kuna pingamizi zito kuliko la gharama, nalo ni la aibu. Wako wanaosema kwamba kuvaa kitu cha bei ya pikipiki kadhaa mbele ya watu wanaohesabu nauli ni kuwatukana. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito. Juni 2024, vijana wa Kenya walipotoka barabarani kupinga Muswada wa Fedha, miongoni mwa yaliyowaudhi ni saa za kifahari mikononi mwa wanasiasa waliowataka walipe kodi zaidi. Hasira hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa saa zile zilivaliwa zionwe, na fedha iliyozinunua ilizua maswali. Ila hukumu hiyo haimfikii kila anayemiliki chombo kizuri. Mkulima aliyeweka akiba ya misimu kadhaa akanunua saa atakayoivaa hadi uzeeni hana deni kwa mtu. Ninachomwomba ni ajiulize kama anahitaji jina au anahitaji mashine, maana bei ya jina huvuta macho ya wezi pia, na katika soko la Kariakoo jina lenyewe hughushiwa vizuri kiasi kwamba anayeiona saa barabarani hajui kama anaheshimu ya kweli au feki.

Anayetaka mashine ana njia, na Afrika Mashariki inaijua tangu zamani. Seiko 5, iliyoanza mwaka 1963, ilienea mikononi mwa walimu, makarani, madereva na masheikh wa pwani hadi bara, na mpaka leo inaweza kupatikana mpya kwa dola mia chache hivi. Inajijaza yenyewe, inaonyesha siku na tarehe, na haina makuu. Haijifanyi kronometa: kwa mashine yake ya 4R36, Seiko huahidi tu kwamba haitawahi zaidi ya sekunde 45 wala kuchelewa zaidi ya 35 kwa siku. Wapenzi wa Uswisi watasema hiyo si anasa. Kwa kipimo cha bei, wamesema sawa. Kwa kipimo cha mtu anayeishi milimani, mashine ndugu yake, NH36, huuzwa nzima kwa makumi machache ya dola, na fundi wa kawaida anaweza kuibadilisha bila kuomba idhini ya mtu. Kuwa na chombo kisichomtegemea mgeni ili kiendelee ni anasa ya kweli, na wengi waliolipa mara 30 zaidi hawanayo.

Lakini hata Seiko itamhitaji mtu, na mafundi saa wa meza ndogo zenye kisanduku cha kioo wanapungua. Wazee wanaondoka, vijana wamekimbilia simu, na hawalaumiwi, maana simu ndizo zenye wateja. Naona tumaini liko kwa vijana hao hao. Fundi simu ameshazoea kutazama kwa lenzi, kushika kwa kibano na bisibisi ndogo, na kupanga skrubu asizoweza kuzitofautisha kwa macho matupu. Anachokosa ni mafuta ya saa, kishikilio cha mashine, dawa ya kuoshea, kifaa cha kuondoa sumaku, na mwalimu wa miezi kadhaa. Zamani kupima mapigo kulihitaji mashine ya pekee. Sasa kuna programu za simu zinazosikiliza saa kwa maikrofoni na kuonyesha inakimbia au inachelewa sekunde ngapi kwa siku. Kijana wa Lukozi akipata hivyo na mzee mmoja wa Tanga wa kumfundisha kabla hajafunga meza yake, mfanyabiashara wa kabichi ataiacha saa kwake asubuhi anapopakia lori, na kuichukua akirudi kutoka Dar es Salaam.