Bukavu: Alamu ya gari ikilia usiku, inamuita nani?

Ilikuwa karibu saa nane ya usiku, mvua inanyesha, kwenye avenyu moja ya komine ya Ibanda hapa Bukavu. Alamu ya gari yangu ikaanza kulia. Sijavaa hata viatu, tayari nasikia filimbi ya kwanza upande wa juu, kisha ya pili, kisha masufuria. Wakaaji wa mji huu wanajua maana yake: usiku wa manane, jirani ndiye polisi. Nilipofika barabarani na telekomande mkononi, walikuwa wamekwisha kumkamata kijana mmoja na kumwangusha kwenye matope.

Kijana alikuwa amejikinga mvua chini ya bati la duka, hatua chache kutoka pale gari inapolala. Milango ilikuwa imefungwa, vioo vyote vizima, hakuna hata alama ya bisibisi kwenye kufuli. Niliwamulikia watu kwa tochi ya simu, kioo kimoja kimoja, wajionee. Mzee mmoja wa avenyu, mtu ambaye akisema watu wananyamaza, ndiye aliyewarudisha nyuma. Bila yeye sijui ningeandika nini leo. Asubuhi tulimpeleka kijana kwenye kituo cha afya. Alikuwa na jeraha kichwani na vidole viwili vilivyovimba. Nililipa mimi, kwani ni alamu yangu ndiyo iliyomshitaki.

Kesho yake nilipeleka gari kwa fundi wa umeme wa magari. Aligonga kapo kwa kidole kimoja tu. Alamu ikalia. Usiku ule ilikuwa radi, si mwizi.

Wengi wetu tukienda kununua alamu tunauliza swali moja: ipi ina sauti kubwa? Mimi pia niliuliza hivyo. Lakini karibu kila alamu ina sauti ya kutosha kuamsha avenyu nzima. La kuuliza kwanza ni kama kapteri yake inapimika. Kapteri ni kile kidude kinachosikia gari ikitikiswa. Nyingi zina skrubu ndogo ya kuongeza au kupunguza usikivu, na fundi mwenye haraka anaiacha ilivyotoka kwenye kikartoni, au anaizungusha mpaka mwisho ili mteja aone kwamba kitu kinafanya kazi. Gari inayolala karibu na barabara ya malori, katika mji wa mvua na radi kama wetu, italia kila usiku. Baada ya wiki moja majirani hawaamki tena, na siku mwizi anakuja kweli, wanageukia upande wa pili kitandani. Au wanaamka, na wanampata mtu asiye na kosa.

Chagua ile ambayo kapteri yake ina hatua mbili: mguso mdogo unatoa milio mifupi tu ya kuonya, pigo kubwa ndilo linaamsha sireni. Kisha uipime mwenyewe mbele ya fundi. Piga gurudumu teke dogo: isilie kwa muda mrefu. Piga kioo kwa kiganja, kwa nguvu: ilie. Usilipe mbele ya hapo.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Alamu nyingi za bei ya chini zinategemea batri ya gari peke yake. Mwizi anayejua kazi yake akifungua kapo na kukata waya mmoja wa batri, sireni inanyamaza. Kwa hiyo tafuta sireni yenye batri yake ndogo ndani, na uombe swichi kwenye kapo, ili ilie kapo inapofunguliwa. Kuhusu telekomande, uliza kama namba yake ya siri inabadilika kila unapobonyeza. Ile isiyobadilika inaweza kunaswa hewani na kifaa kidogo na kurudiwa baadaye. Tena vipo vidude vya kuziba mawimbi: unabonyeza, unaondoka, mlango haujafungwa. Dawa yake haina bei. Vuta kitasa kwa mkono kabla ya kuiacha gari.

Lakini kulia si kuzuia. Alamu haimzuii mtu kuondoka na gari yako. Kinachozuia ni kikata-moto, yaani kifaa kinachofanya injini isiwake bila ufunguo wenyewe. Huko Ulaya magari mapya yalilazimishwa kuwa nacho tangu 1998. Watafiti wawili, Jan van Ours na Ben Vollaard, walipima matokeo yake Uholanzi kati ya 1995 na 2008, wakaona wizi wa magari umepungua kwa asilimia 40 hivi. Sasa tazama magari yetu hapa mashariki: mengi ni Toyota zilizotumika Japani, usukani upande wa kulia, zilizoingia kupitia Mombasa au Dar es Salaam. Zile za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 nyingi hazina kidude hicho ndani ya ufunguo. Ufunguo wake ni chuma tupu, na kufuli ikiwa imezeeka hata ufunguo wa gari nyingine unaweza kuifungua.

Kwa magari hayo, fundi anaweza kuweka swichi iliyofichwa inayokata umeme wa demareri. Haihitaji vifaa vingi, na mwizi ambaye gari haiwaki baada ya dakika mbili anakuwa na wasiwasi. Usimwonyeshe mtu swichi hiyo, na usiiweke chini ya usukani ambako kila mtu anaitafuta kwanza.

Hapa niombe uangalifu. Alamu nyingine zina uwezo wa kuzima injini wakati gari inatembea, ili mnyang'anyi asifike mbali. Kwenye karatasi ni kitu kizuri. Bukavu, mji wa miteremko, mimi sikitaki. Injini ikizimika ukiwa unashuka, usukani unakuwa mzito, na breki, baada ya kukanyagwa mara chache, inakuwa ngumu kama jiwe. Na si lazima awe mwizi: waya uliolegea unatosha. Mwambie fundi akate demareri, asiguse pompi ya mafuta wala umeme wa injini iliyokwisha kuwaka.

Maneno ya waya yananirudisha kwenye ufundi, kwa sababu alamu nzuri iliyofungwa vibaya ni mbaya kuliko kukosa alamu. Nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa skochi zinalegea, zinaingia maji, na zinaweza kushika moto. Ziunganishwe kwa risasi iliyoyeyushwa, zifunikwe vizuri, na waya wa umeme uwe na fuzi yake karibu na batri. Kubali kumlipa fundi zaidi kwa hiyo kazi. Mimi mara ya kwanza nilijadili bei kwa nguvu sana, na nilipata kile nilicholipia.

Pia alamu inakunywa umeme hata gari ikiwa imesimama, mara nyingi miliampere 20 mpaka 30. Ukisafiri wiki tatu, hizo ni zaidi ya ampere-saa 10, wakati batri ya gari ndogo ikiwa mpya ina 45 hivi. Ikiwa imezeeka, utarudi ukute gari haiwaki, na utamshitaki mwizi bure.

Mwizi mwenyewe, mara nyingi, hataki gari. Anataka begi uliloacha kwenye kiti, simu, retrovizeri, redio, au gurudumu la akiba. Sireni haitamfikia: kioo kinavunjika, mkono unaingia, na mtu ameshapotea kwenye ngazi za mtaa kabla hujashuka kitandani. Nina rafiki ambaye anaiacha gari yake tupu kabisa usiku, na kile kisanduku kidogo cha mbele anakiacha wazi ili kila mtu aone hakuna kitu ndani. Nilimcheka zamani. Karatasi za gari pia usizilaze humo: anayeondoka na gari pamoja na karatasi zake ana safari nyepesi. Namba ya plaki iliyochongwa kwenye vioo na retrovizeri nayo inasaidia, kwa kuwa mnunuzi wa vitu vya wizi hapendi kitu chenye jina la mtu.

Na mahali inapolala. Parseli nyingi za Bukavu gari haiwezi kuzifikia, inabaki chini barabarani na mwenyewe analala juu mlimani. Kama kuna mtu chini mwenye lango na sentineli, kumlipa kila mwezi kunafaa kuliko alamu mbili. Kama hakuna, egesha mlango wa dereva ukiwa karibu na ukuta, chini ya taa ya duka lenye betri au sola, maana taa ya SNEL haiaminiki. Tena ongea na sentineli wa hapo. Mwonyeshe alamu inavyolia, mwachie namba yako ya simu, na mkubaliane kwamba ikilia anakupigia kwanza na kumulika gari kwa tochi kutoka mbali, kabla ya mtu yeyote kupuliza filimbi.

Hilo la filimbi tulilizungumza na majirani zangu siku ya Jumapili baada ya tukio, nyumbani kwa yule mzee. Halikukubaliwa na wote. Mama mmoja, aliyeibiwa mara mbili, alisema kwamba tukingoja kuuliza, mwizi atakuwa amefika ziwani. Tulichokubaliana ni kidogo: anayekamatwa hapigwi mpaka mwenye gari afike, na mwenye gari anafika mbio. Sasa nalala na telekomande chini ya mto.

Fundi alirudisha skrubu ya kapteri karibu nusu. Kijana nilikutana naye tena majuzi, vidole vimepona. Alinisalimia kutoka upande wa pili wa barabara, hakuvuka.