Stesheni za Vijijini katika Reli ya TAZARA: Kipande cha Mlimba hadi Makambako

Makala hii inaeleza historia na huduma za stesheni za reli zilizo kati ya Mlimba na Makambako. Hoja yake ni kwamba umuhimu wa stesheni ya kijijini hauwezi kupimwa kwa tani za mizigo pekee. Idodi, kama zilivyo tarafa nyingine za Wilaya ya Iringa, haina reli, na mkulima wa huko hutegemea barabara kufikisha mazao yake sokoni. Ili kuielewa stesheni ya kijijini katika Nyanda za Juu Kusini, hatuna budi kuanza na swali la namna reli ilivyoipita Iringa pembeni.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Iringa ikabaki kusini mwa njia hiyo. Katika kipindi cha utawala wa Waingereza, mhandisi Clement Gillman alishughulikia upimaji wa njia ya kutoka Dodoma kuelekea kusini-magharibi, na ripoti yake ilitolewa mwaka 1929. Njia hiyo haikujengwa.

Fursa nyingine ilitokana na siasa za ukombozi. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia ikahitaji njia ya bandari isiyopita mikononi mwao. Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano mwaka 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Hata hivyo, njia iliyochaguliwa ilifuata bonde la Kilombero, kusini-mashariki mwa milima ya Udzungwa, kisha ikapanda hadi Makambako, takribani kilomita 650 kutoka Dar es Salaam. Mji wa Iringa uliachwa tena.

Kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye urefu wa takribani kilomita 157, ndicho kilichokuwa kigumu zaidi kujenga. Reli hupanda kutoka bondeni, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 1,600. Mahandaki 18 kati ya 22 ya reli nzima yamo humu, pamoja na daraja refu la mto Mpanga. Katika mazingira hayo, kwa vijiji vingi treni si mbadala wa basi. Wakati wa masika huenda ikawa ndiyo njia pekee ya kutoka.

Stesheni hizi zina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ya kiufundi. TAZARA ni reli ya njia moja, hivyo treni mbili zinazokutana hupishana stesheni tu, ambako kuna njia ya pembeni. Reli ilijengwa ikiwa na stesheni zaidi ya 140, yaani wastani wa stesheni moja kwa kila kilomita 13 hivi. Stesheni moja ikifungwa, treni hulazimika kusubiriana kwa muda mrefu zaidi, na uwezo wa njia nzima hupungua.

Kazi ya pili ni ya kiuchumi. Tofauti na treni ya haraka, treni ya kawaida husimama katika vituo vidogo. Bonde hutoa mchele na ndizi. Nyanda za juu hutoa viazi na maharage. Tofauti hiyo ya hali ya hewa ndiyo mtaji wa mchuuzi anayesafiri na magunia machache. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hii, alitumia stakabadhi za vifurushi zilizohifadhiwa stesheni kuonesha ukubwa wa biashara hiyo ndogondogo. Makambako nayo, inapokutana reli, barabara kuu ya Iringa–Mbeya na barabara ya Songea, imekua kutoka makazi madogo hadi kuwa mji wa nafaka.

Kwa upande wa takwimu za shirika, picha ni tofauti. Mizigo iliyofikia takribani tani milioni 1.2 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1970 ilishuka hadi takribani tani 88,000 katika mwaka wa fedha 2014/15. Kwa kipimo hicho, treni ya kawaida huonekana kuwa mzigo, kwani gunia la mchuuzi halina uzito mbele ya shaba ya Zambia. Lakini treni hiyo isipopita, mchuuzi wa Makambako anaweza kupanda basi, ilhali mwenzake aliye kati ya mahandaki hana pa kulipandia.

Septemba 2024, mjini Beijing, nchi hizo tatu zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Ufufuaji wa aina hiyo kwa kawaida hutanguliza mizigo ya masafa marefu, kwa kuwa ndiyo inayorejesha mtaji. Makala hii inapendekeza kwamba makubaliano ya uendeshaji yataje bayana idadi ya safari za treni ya kawaida kwa wiki na stesheni itakazosimama. Bila sharti hilo, vijiji vya kipande hiki vitakuwa katika hali ileile ya Idodi, isipokuwa kwamba treni zitakuwa zikipita mbele ya macho yao.