Kishikwambi Kinafundisha? Tuulize Kwanza Kipimo

Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu nchini. Leo, tangu Pasua na Majengo mjini Moshi hadi vijiji vya migombani Kibosho na Marangu, mzazi husikia kwamba vifaa vya namna hii vinainua elimu. Huenda ni kweli. Lakini nani alipima, na kwa kipimo gani? Swali hili tusiwaachie wasomi wa vyuoni peke yao, maana mzazi ndiye atakayeombwa mchango.

Mfano mwema uko kwa jirani zetu wa Tanga. Huko, shindano la Global Learning XPRIZE, lililohitimishwa mwaka 2019, liliwapa vishikwambi watoto wapatao 2,700 vijijini, wengi wao wakiwa hawajapata kuingia darasani. Ushindi haukuamuliwa kwa saa alizokaa mtoto mbele ya kioo, wala kwa kumwuliza kama amefurahi. Watoto walipimwa kabla na baada, kwa EGRA, upimaji wa stadi za awali za kusoma, na mwenzake EGMA wa hesabu. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, kiwango hicho kilipungua kwa nusu. Kipimo hicho hicho ndicho kinachotuambia pia kwamba wengi walikuwa bado hawajaweza.

Hata hivyo, kipimo kinachofaa lugha moja chaweza kupotosha katika nyingine. EGRA, pamoja na mengine, huhesabu maneno ayasomayo mtoto kwa dakika moja. Tazama neno “hawatakununulia”. Kwetu ni neno moja. Mwingereza atahitaji sita. Ukimpima mtoto wa Machame kwa kiwango cha mtoto wa London, utamwita mzito ilhali kila neno lake limebeba zaidi. Tena Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto aliyelelewa kwa Kichagga anaweza kutamka ukurasa mzima asiuelewe. Tunalijua hili madrasani: kijana huhitimu msahafu kwa tajwidi safi kabla hajajua maana ya aya alizozisoma. Kutamka ni jambo moja, kufahamu ni jingine, na kila moja lina kipimo chake.

Hojaji ndizo zinazotutia shaka zaidi. Ile mashuhuri ya sentensi kumi, SUS, aliyoibuni John Brooke mwaka 1986, hupima kama chombo ni rahisi kutumia. Kwa kazi hiyo inafaa. Mtafiti akiitumia kudai kwamba wanafunzi wamejifunza, amepima uzito kwa rula. Isitoshe, mgeni aliyepanda mlima kutuuliza kama programu yake ni nzuri, nani atamjibu “sikubali kabisa”? Adabu yetu huingia katika takwimu zake. Hojaji kama hiyo yapasa itafsiriwe kwa uangalifu, kisha ijaribiwe kwa watu wachache wa mahali palepale kabla ya kutumiwa.

Basi kikiitishwa kikao cha wazazi, tusiridhike na asilimia. Watoto walikuwa wapi kabla? Darasa lisilo na kishikwambi lilipimwa pia? Mtoto aliulizwa habari za kisa alichosoma, au alisikilizwa tu akitamka? Mwalimu wa darasa la pili anaweza kulijaribu hili kesho, pasipo umeme: ampe mtoto hadithi ya mistari mitano, kisha amwulize nani alikwenda sokoni, na kwa nini.