Kiambishi cha Nafsi na Wimbo Uliotolewa Mchezoni

1.0 Utangulizi

Wimbo wa jukwaani huzaliwa ndani ya tukio. Yupo anayeuimba, yupo anayeimbiwa, na lipo jambo ambalo hadhira imeliona likitendeka. Kikundi cha sanaa cha ridhaa kinapouacha mchezo na kuandaa konsati ya nyimbo zake tu, tukio hilo hubaki nyuma. Aghalabu uamuzi huo hutokana na uhaba: mchezo mzima unadai waigizaji wengi, maleba na miezi ya mazoezi, ilhali nyimbo kumi zinadai sauti, ngoma na pengine kinanda. Makala hii inaeleza kwa nini baadhi ya nyimbo hustahimili uhamisho huo na nyingine hufifia. Inadaiwa hapa kwamba sababu imo katika sarufi zaidi kuliko katika muziki.

2.0 Viambishi Vinavyomtafuta Mwenyewe

Kitenzi cha Kiswahili hubeba washiriki wake. Katika neno "mliiangusha" wamo watenda na kimo kilichoangushwa, japo hakuna jina hata moja lililotajwa. Jukwaani jina halihitajiki. Katika tamthiliya ya Penina Muhando, Nguzo Mama (1982), wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo. Wimbo wowote utakaotungiwa kazi hiyo utaielekeza -i- yake kwenye kitu ambacho kila mtu anakiona. Wimbo huohuo ukiimbwa katika konsati, -i- yaweza kuwa nyumba, ndoa, serikali au hata chupa. Msikilizaji huutumia ubeti wa kwanza kumtafuta mwenyewe wa kiambishi, na ubeti wa pili humkuta angali anatafuta. Viashiria kama "huyu" na "pale" vina dosari hiyohiyo.

Nafsi ya pili ina tabia tofauti kabisa. Katika miaka ya 1990, kikundi cha Tanzania One Theatre, kilichoanzishwa mwaka 1992 na kuongozwa na John Komba, kilishindana vikali na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga. Onyesho moja liliweza kuchanganya ngoma, vichekesho, maigizo na taarabu, na mipasho ya Khadija Kopa na Nasma Khamis ilipokewa kama majibizano. Mashabiki walijua ni nani anayepigwa kijembe. Hata hivyo, mpasho hauhitaji ujuzi huo ili uimbwe jikoni au harusini, kwa kuwa -ku- haina jina: kila mwenye mgomvi wake humtia humo. Pengo linaloiua -i- ndilo linaloipa -ku- maisha, maana anayeambiwa hupatikana popote palipo na msikilizaji, ilhali kitu cha ngeli ya I-/ZI- hakina budi kutajwa kwanza.

Aidha, a- na -m- hazitofautishi mume na mke. Wimbo wa mke aliyeachwa waweza kuimbwa na mwanamume bila kubadilisha silabi hata moja. Mwimbaji wa West Side Story, mchezo wa nyimbo uliotiwa muziki na Leonard Bernstein na kuonyeshwa New York mwaka 1957, hana uhuru huo, kwani viwakilishi vya Kiingereza vya nafsi ya tatu umoja hutaja jinsia, na kuvibadilisha kwaweza kuvunja vina. Kwa kikundi cha ridhaa, ambacho hakichagui sauti bali hupokea zilizojitokeza, hii si faida ndogo.

Ngonjera nazo huhamishika kwa urahisi. Katika Ngonjera za UKUTA za Mathias Mnyampala (1970 na 1971), pande mbili hulumbana juu ya mada inayotajwa waziwazi. Anayezilaumu ngonjera kwa ukavu asisahau sifa yao hiyo.

3.0 Mfano wa Itaka

Na ichukuliwe konsati ya namna hiyo ikiandaliwa Itaka, kata ya Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hadhira iliyowahi kuuona mchezo Dar es Salaam hujaza pengo kwa kumbukumbu. Hadhira ya Itaka huenda haina kumbukumbu hiyo, na ikikaa kimya ni rahisi kusema kwamba haikuielewa sanaa. Lawama hiyo si ya haki. Walioteua nyimbo ndio walioacha viambishi bila wenyewe. Kuziimba kwa Kinyiha pekee hakutoshi, kwa sababu Kinyiha nacho ni lugha ya Kibantu yenye ngeli: pengo huhama pamoja na wimbo, na jina la kitu kilekile laweza kuangukia ngeli nyingine na kuivuruga idadi ya silabi.

Muhtasari mrefu wa mshereheshaji kabla ya kila wimbo huchosha. Sentensi moja ya mtambaji, "Nguzo imeanguka tena," yatosha kuipa -i- mwenyewe. Wimbo unaohitaji sentensi tano uachiwe siku ya mchezo mzima. Jaribio lenyewe ni jepesi: wimbo uimbwe mbele ya mtu asiyeujua mchezo, kisha aulizwe ni nani kamtenda nani, na nini.