Mota Inayonguruma Si Mota Iliyokufa

Katika karakana za maseremala hapa Eldoret, msumeno wa mkanda ukigoma asubuhi, hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi: mota imeungua. Inafunguliwa, inafungwa kwenye bodaboda, inapelekwa kusukwa upya. Niliwahi kulipia kazi hiyo. Mota iliporudi na kuwashwa ikanguruma vilevile, maana kilichokufa kilikuwa kapasita. Tangu siku hiyo nasikiliza mashine kwanza, spana baadaye, na kauli za karakanani nazipima moja moja.

"Mota ikinguruma bila kuzunguka, imeungua."

Uongo, ila itaungua ukizubaa. Mota nyingi za fezi moja huhitaji kapasita ili zianze kuzunguka. Kapasita ikidhoofika, stima inaingia, mhimili umesimama, na waya za ndani zinabeba mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko kawaida. Muda si mrefu utasikia harufu ya vanishi. Zima, chomoa plagi, toa belti, kisha zungusha mhimili kwa mkono. Ukikwaruza, tafuta beringi. Ukizunguka laini, shuku kapasita, au ile swichi ya ndani inayoikata kapasita pindi mota inaposhika kasi. Vumbi la mbao hujaa kati ya midomo yake. Kumbuka kapasita huweka chaji hata plagi ikiwa nje. Imalize kwa balbu ya kizamani yenye nyaya mbili, usiiguse kwa bisibisi. Mpya iwe na kipimo kilekile cha maikrofaradi, na volti zisizopungua za ile ya zamani.

"Mota ikiwa moto hadi mkono haukai, imekwisha."

Uongo. Ganda la nyuzi 60 au 70 haliwezi kushikika, lakini mota nyingi za kisasa zina kinga ya waya inayostahimili nyuzi 130 au 155. Hata hivyo, sisi wa Uasin Gishu tuwe macho zaidi. Kwa kawaida mota hukadiriwa kwa kazi ya mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret iko takriban mita 2,100. Hewa yetu ni nyepesi, hivyo feni ya mota haipozi sawasawa na kule Mombasa. Baridi ya hapa hufidia sehemu ya upungufu huo, mradi matundu ya feni hayajazibwa na vumbi. Cha kuogopa ni harufu, au joto lililozidi la jana kwa kazi ileile.

"Fyuzi ikikatika kila mara, weka kubwa zaidi." Uongo, tena wa kuunguza karakana.

"Kebo ndefu na nyembamba huua mota." Kweli. Volti hushuka njiani, mota inakosa nguvu ya kuanza, na joto linapanda.

"Mota ya fezi tatu ikizunguka kinyume, imesukwa vibaya." Uongo. Badilishanisha nyaya mbili zozote kati ya zile tatu. Lakini ikinguruma tu, huenda fezi moja imekatika. Kagua fyuzi kabla ya kumlaumu aliyeisuka.

"Mkanda ukikata upande, ukaze zaidi."

Nusu kweli. Mkanda uliolegea huyumba, na uliokazwa kupita kiasi hupasuka na kuchosha beringi. Kama unavutia upande uleule kila mara, tazama meno: pengine uligusa msumari, na meno ya upande mmoja yamekuwa butu. Mkanda hufuata upande ulio mkali. Hapo dawa ni kunoa au kubadilisha mkanda.

Sikiliza pia mdundo wa sauti. Ukisikia "tap" inayoendana na kila mzunguko wa gurudumu, huenda utomvu wa saiprasi au paini umeganda juu ya tairi lake la mpira, ukwangue. Ikiwa "tap" inakuja polepole zaidi, hesabu mzunguko wa mkanda wenyewe, kwa kuwa mkanda ni mrefu kuliko mzingo wa gurudumu. Hapo pitisha jicho kwenye kiungo kilichochomelewa: huenda kimevimba, au kimeanza kupasuka. Mkanda wenye ufa usiutumie hata kwa ubao mmoja.

Na kabla ya kugusa chochote kati ya haya, fundi mwenzangu, chomoa plagi na uiweke mahali unapoiona.